Je, Biashara Yasomwa Chuo Kikuu?

Na Mwalimu wa Biashara na Utunzaji wa Hesabu



Kila mwaka, Kidato cha Sita wakikaribia mtihani wao wa mwezi Mei, maneno huwa mengi mabwenini juu ya nini mtu atakwenda kusoma Chuo Kikuu. Na katika maneno hayo jina moja husikika kuliko mengine, nalo ni Uendeshaji wa Biashara, au kama wengine wapendavyo kusema, Menejimenti. Mimi nafundisha masomo ya biashara hapa shuleni, basi ingefaa nifurahi tu na kunyamaza. Lakini nimesikiliza sababu zitolewazo, za kulitaka somo hilo na za kulikataa, na naona nyingi hazina miguu ya kusimamia. Kwa hiyo nimemwomba Mhariri anipe nafasi katika gazeti letu la muhula huu.

Sababu hizo ni za namna tatu. Vijana husema, "Nataka kuwa meneja," na ukiwauliza meneja wa nini, hutazamana. Wazazi husema, "Biashara haisomwi, biashara hufanywa." Na baadhi ya wenzangu wa upande wa sayansi husema, kwa mzaha ambao si mzaha wote, kwamba hiyo ni kozi ya waliokimbia Fizikia. Nitaanza na wazazi, maana wao ndio walipao ada, na pia maana neno lao ndilo lenye uzito zaidi.

Mzazi mmoja aliniuliza siku ya mkutano, "Mwalimu, matajiri wa Makoroboi pale mjini, wangapi wana digrii?" Sikutaka kumpinga, maana neno hili lina kweli ndani yake. Mtu mwenye duka lake mwenyewe aweza kuliweka duka zima kichwani. Ajua bei aliyonunulia, ajua mteja yupi hulipa na yupi hukwepa njia akimwona, na jioni akifungua droo, macho yake ndiyo mkaguzi wa hesabu. Huyo hahitaji Chuo Kikuu ili auze sukari. Hata wafanyabiashara wa pwani wa zamani, waliouza pembe na karafuu hadi Uarabuni na Bara Hindi, wengi walifundishwa na baba zao na ami zao kwa kukaa nao dukani tangu utotoni.

Lakini hata kwa mtu mwenye chombo kimoja tu, kuna mahali kichwa humdanganya. Tuseme mama mmoja amenunua pikipiki ya bodaboda kwa Sh. 3,000,000 na kumpa kijana aiendeshe. Kijana huleta Sh. 8,000 kila siku, siku sita za juma. Katika majuma hamsini mama amepokea Sh. 2,400,000. Katoa Sh. 500,000 kwa matairi, mafuta ya injini, bima na matengenezo. Zimebaki Sh. 1,900,000, naye husema, "Hiyo ndiyo faida yangu," akalipa ada za watoto na kuezeka jiko. Sasa tuseme baada ya miaka mitatu pikipiki imechoka na yauzika kwa Sh. 900,000 tu. Sh. 2,100,000 zimekwenda wapi? Zimechakaa barabarani, Sh. 700,000 kila mwaka. Faida yake ya kweli ilikuwa Sh. 1,200,000 kwa mwaka. Zile nyingine alizotumia kila mwaka zilikuwa ni pikipiki yenyewe, akiila kidogo kidogo. Mwaka wa nne hana fedha ya kununua nyingine, na majirani husema kwamba pikipiki hazina baraka. Baraka ilikuwapo, ila ililiwa pamoja na magurudumu.

Mama huyo si mjinga. Hakuna aliyemwonyesha kwamba chombo kinachochakaa kina sehemu yake katika mapato. Hata hivyo, hili ni jambo ambalo kijana wa Kidato cha Tatu anaweza kumweleza mama yake jikoni bila ya kwenda Chuo Kikuu. Chuo Kikuu chahusu jambo kubwa kuliko hilo, yaani mali isiyokuwa ya mtu mmoja. Siku duka likiwa matatu, siku mwenye mali na mwenye kushika ufunguo wakiwa watu wawili mbalimbali, siku fedha zikiwa za wanachama elfu ambao hawajapata kuonana, hapo ndipo kichwa cha mtu mmoja kinaposhindwa, hata kama ni kichwa kizuri na cha mtu mwaminifu.

Mfano wa jambo hili hatuna haja ya kuutafuta Ulaya, maana upo hapa hapa Kanda ya Ziwa, na babu za wengi wenu walikuwamo ndani yake.

Katika miaka ya arubaini mkulima wa pamba wa Usukuma alibeba pamba yake hadi kwa mnunuzi, na mnunuzi ndiye aliyekuwa mwenye mizani. Manung'uniko juu ya mizani hiyo yalikuwa mengi. Mkulima alijua amelima nini, lakini hakuwa na njia ya kuthibitisha uzito wake, wala karatasi ya kuonyesha. Ndipo wakulima na wafanyabiashara wa Kiafrika wakaanza kuweka watu wao wenyewe wa kuangalia upimaji. Miongoni mwa waliokuwa mbele alikuwa Paul Bomani, aliyezaliwa mwaka 1925. Yeye alikuwa amefanya kazi ya ukarani katika mgodi wa almasi wa Mwadui, kisha akawa katibu wa chama cha ushirika cha wafanyabiashara wa Kiafrika mjini Mwanza. Angalieni alikuja na silaha gani: kalamu ya karani na daftari. Mwanzoni mwa miaka ya hamsini akaenda Loughborough, Uingereza, kusomea mambo ya ushirika. Mwaka 1955 likaundwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika vya Victoria, na kabla ya miaka ya hamsini kwisha sehemu kubwa ya pamba ya jimbo hili ilikuwa ikipita katika mikono ya vyama vya wakulima wenyewe, wakawa na vinu vyao vya kuchambulia. Mwaka 1962 Bomani akawa Waziri wa Fedha wa Tanganyika.

Hiyo ndiyo nusu ya habari ipendwayo kusimuliwa. Nusu ya pili haisimuliwi sana shuleni, nami naona ndiyo yenye faida zaidi kwa anayetaka kusoma uendeshaji wa biashara. Mwaka 1966 Rais aliunda kamati maalumu ya kuchunguza vyama vya ushirika nchini, maana malalamiko yalikuwa yamezidi. Kamati ilikuta kwamba wanachama wengi hawakujua chama chao kinaendeshwaje, kwamba watumishi wenye ujuzi walikuwa haba, na kwamba siasa iliingia mahali palipohitaji hesabu. Shirikisho la Victoria likavunjwa, na mahali pake pakawekwa Chama Kikuu cha Nyanza. Mwaka 1976 Serikali ikaviondoa vyama vikuu vyote nchini, na sheria ya kuvirudisha ikapitishwa mwaka 1982.

Wazee wengi ukiwauliza kilichoangusha ushirika watakujibu neno moja, wizi. Sikatai kwamba ulikuwapo. Lakini mwizi huingia mahali ambapo hakuna mlango, na mlango wa mali ya watu wengi ni hesabu zinazosomeka. Nionavyo mimi, chama kilikua upesi kuliko makarani wake. Mtu aliyeweza vizuri kabisa kutunza daftari la chama cha kijiji alikabidhiwa vinu, malori, madeni ya benki na mamia ya watumishi, na hakuna aliyemfundisha namna ya kuviona vyote hivyo kwa pamoja. Wengine waliiba. Wengine, nao ni wengi kuliko tudhanivyo, walipotea tu katikati ya makaratasi.

Taifa zima lilikutana na jambo hilo hilo. Tarehe 6 Februari 1967, siku moja baada ya Azimio la Arusha, Serikali ilitaifisha mabenki, na wageni wengi waliokuwa wakiyaendesha wakaondoka. Benki ya Taifa ya Biashara ikaongozwa na Amon Nsekela, ambaye hapo awali alikuwa mwalimu. (Wanafunzi wanaodhani kwamba mwalimu hajui fedha wakumbuke hilo.) Lakini hapakuwa na akina Nsekela wa kutosha kujaza kila kiti. Ndiyo sababu ya kuzaliwa Chuo cha Usimamizi wa Fedha, yaani IFM, mwaka 1972. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 kwa kufundisha sheria. Kitivo chake cha Biashara na Menejimenti kilikuja mwaka 1979, na tangu 2008 chaitwa Shule Kuu ya Biashara. Kwa miaka mingi ya mwanzo, basi, tulikuwa na mashirika kabla ya kuwa na watu waliosomea kuyaendesha, na kila mwenye umri wa babu aweza kuwaeleza mashirika mengi yaliishia wapi.

Mtu ataniuliza, basi nini hasa hufundishwa huko?

Kwanza ni hesabu za kuandika mara mbili, ambazo mtawa Luca Pacioli alizieleza katika kitabu kilichochapwa Venice mwaka 1494. Hakuzivumbua yeye, wafanyabiashara wa Italia walikuwa wakizitumia zamani. Maana yake ni kwamba kila fedha huandikwa mahali pawili, ilikotoka na ilikokwenda, na pande mbili zisipolingana kuna neno limefichika. Zaidi ya miaka 500 imepita na bado hatujapata njia bora zaidi. Hata kompyuta za mabenki hufanya hivyo hivyo ndani kwa ndani.

Pili ni kazi yenyewe ya kuongoza. Mfaransa Henri Fayol alikuwa mhandisi wa migodi. Mwaka 1888 alipewa uongozi wa kampuni ya makaa ya mawe na chuma iliyokuwa karibu kufa, akaifufua, na mwaka 1916 akatoa kitabu cha kueleza kazi ya kiongozi. Alisema ni mambo matano: kutazama mbele, kupanga, kuamuru, kuunganisha kazi za watu, na kukagua. Ajabu yangu ni kwamba vijana wakisikia neno meneja huona moja tu kati ya hayo matano, lile la kuamuru. Tena Fayol alishikilia kwamba mambo haya yaweza kufundishwa darasani, si kipaji tu cha kuzaliwa nacho. Hilo ndilo jibu langu kwa yule mzazi wa Makoroboi.

Tatu ni udhibiti, yaani kupanga kazi ili hata mtu mwema asijaribiwe. Hili msidhani limetoka Ulaya peke yake. Tazameni akina mama wa vikundi vya kuweka na kukopa. Sanduku lao lina makufuli matatu, na funguo ziko kwa watu watatu. Hakuna awezaye kulifungua peke yake, wala hakuna wa kusingiziwa. Fedha huhesabiwa mbele ya wote na jumla hutamkwa kwa sauti ili hata asiyejua kusoma aikumbuke. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu atalikuta jambo hilo katika kitabu kinene, kwa jina refu, naye akiwa na akili atasema, "Kumbe hili mama yangu hulifanya kila Jumamosi."

Hapo huongezeka sheria za mikataba, uchumi, takwimu, masoko, na elimu ya tabia za watu kazini. Mengine ni mazuri, mengine, nisema kweli, ni maneno mengi yenye kusema kidogo.

Sasa nageukia vijana. Shahada hii, ambayo kwa kawaida ni ya miaka mitatu, haina mtaji ndani yake. Ukimaliza hupewi kiti wala duka. Anayetaka kuwa mhasibu kamili ajue kwamba baada ya shahada bado kuna mitihani ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, nayo haina huruma. Kazi ya kwanza aghalabu huwa kuhesabu magunia ghalani, kulinganisha stakabadhi na leja, au kumfuatilia mdaiwa asiyepokea simu. Na wahitimu wa masomo haya ni wengi, kazi zenye kuandikwa "meneja" mlangoni ni chache. Kijana anayechagua kozi hii kwa sababu ya tai na kiyoyozi atasikitika kabla ya mwaka wa pili kwisha.

Ushauri wangu ni kwamba mtu asisome "biashara" tu, kana kwamba biashara ni kitu kinachoelea hewani. Achague kitu cha kushika. Katika mji wetu kuna viwanda vya minofu ya sangara. Mwenye kujua kwamba barafu ikichelewa saa chache mzigo wote hushuka thamani, na akajua pia kuandika gharama ya barafu hiyo, huyo ana cha kumwambia mwajiri. Kuna pamba na vinu vyake. Kuna hospitali, ambako dawa hukwisha si kwa kukosa fedha tu bali pia kwa kuagizwa kwa kubahatisha. Na kuna vyama vya ushirika vya msingi, ambavyo hesabu zake hukaguliwa na Shirika la Ukaguzi na Usimamizi wa Vyama vya Ushirika. Wapo wanaopata hati safi, wapo wasioipata, na mara nyingi chanzo ni katibu mmoja aliyeachiwa kila kitu. Kijana mwenye shahada akienda huko hatapata tai wala kiyoyozi. Lakini atakuta mamia ya wakulima ambao fedha zao za mwaka mzima ziko katika madaftari yale, na ambao wakipunjwa leo wana haki ya kutaka waonyeshwe karatasi, kama babu zao walivyotaka waonyeshwe mizani.

Anayetaka kujipima kama somo hili lamfaa asingoje Chuo Kikuu. Duka letu la shule linaendeshwa na wanafunzi, na daftari lake liko wazi. Muhula uliopita kamati iligundua kwamba sabuni zilizouzwa na fedha zilizopokelewa hazikulingana. Watu wakaanza kunong'ona majina. Wasichana wawili wa Kidato cha Tano wakakaa jioni tatu na stakabadhi zote, wakakuta hakuna aliyeiba: zilikopeshwa, na mikopo iliandikwa nyuma ya boksi la biskuti badala ya daftarini. (Baadhi ya majina ya wadaiwa yalikuwa ya walimu. Wamekwisha kulipa, nasi tuliache hapo.) Nilipowatazama wale wasichana wakifuatilia Sh. 500 mpaka usiku, bila ya kuchoka na bila ya kumtuhumu mtu, nilisema moyoni kwamba hawa wawili waende. Kama kazi ya namna ile yakuchosha hata kuisoma hapa, kuna kozi nyingine nyingi nzuri.

Kwa wenzangu wa sayansi nina neno fupi. Mkimwambia mwanafunzi aliyeshindwa Hisabati akimbilie biashara, mwampeleka anakokimbia. Vyuo vingi huangalia Hisabati mlangoni, na hata visipoangalia, takwimu na hesabu za riba zamngoja ndani. Mleteni kwangu yule anayeweza Fizikia lakini moyo wake uko ghalani, nami nitawaletea wangu anayeuza maandazi vizuri lakini moyo wake uko maabara.

Na wazazi wasihofu majina ya vyuo. Si lazima mtoto aende Dar es Salaam. Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino pale Nyegezi hufundisha shahada ya biashara. Chuo cha Elimu ya Biashara, CBE, kilichoanzishwa mwaka 1965, kina tawi lake hapa Mwanza, na aliyekosa alama za shahada aweza kuanza na cheti au stashahada akapanda kutoka hapo. Mwenye nia ya ushirika atazame Moshi, ambako chuo cha ushirika kilianza mwaka 1963 na tangu 2014 ni Chuo Kikuu kamili. Mzumbe nako kuna sifa ya muda mrefu katika uongozi wa shughuli za umma. Muulizeni kila mkuu wa kozi swali moja kabla ya kulipa: mwanafunzi wenu hupelekwa wapi kwa mafunzo ya vitendo, na nani humtembelea akiwa huko? Jibu likiwa la kigugumizi, tafuteni kwingine.

Kidato cha Sita wakumbuke kwamba tangu mwaka 2017 mwombaji hupeleka maombi katika chuo chenyewe, baada ya matokeo kutoka. Mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu unaoeleza sifa za kila kozi nimeuchapa na kuuweka maktaba, rafu ya karibu na dirisha. Kurasa za biashara zimekwisha kuanza kuchanika. Tafadhali someni hapo hapo mezani.